Ijumaa ya Wagonjwa

Kapteni Lutfi Bouzidi alifika nyumbani kwa Emna na mumewe Wajdi, mtaa wa L'Aouina jijini Tunis, jioni ya Jumatano, akakataa kahawa, akakataa hata kuketi mpaka Wajdi alipomvutia kiti. Wenyeji wake wakajua hapo hapo kwamba hakuja kusalimia. Lutfi alikuwa mwenyekiti wa chama cha marubani, na ndiye aliyemfundisha Emna kutua ndege kwenye upepo wa ubavuni, enzi ambazo wanaume wenzake darasani walikuwa wakimuuliza kama anajua kupika.

Aliyoyajia aliyasema kwa haraka, kama mtu anayetaka kushusha mzigo aende zake. Mahakama ilikuwa imezuia mgomo. Majira ya joto yameanza, watu wanarudi kutoka Ufaransa na masanduku yao, kila ndege imejaa, na shirika linaendelea kuwapanga marubani zamu za usiku mfululizo bila kupumzika. Chama kikitamka neno mgomo, viongozi watashtakiwa. Basi kamati imekubaliana kwamba Ijumaa marubani wote wataumwa.

"Wataumwa nini?" Emna aliuliza.

"Chochote. Tumbo, kichwa, mgongo. Unapiga simu ofisi ya zamu, unasema hujisikii sawa kuruka, basi. Hawaruhusiwi kukuhoji. Si kanuni yetu wenyewe?"

Kanuni hiyo Emna aliijua kuliko Lutfi, kwa sababu ndiye aliyeipigania akiwa katika kamati ya usalama ya chama. Rubani akisema hayuko sawa, anaaminiwa. Haombwi cheti wala hadaiwi maelezo, na zamu yake anapewa mwingine. Wenye shirika waliona ni upendeleo. Emna aliwaeleza, kikao baada ya kikao, kwamba rubani anayeogopa kuhojiwa ataificha homa yake na kupanda nayo ndegeni, pamoja na abiria wake wote.

Akamwambia Lutfi kwamba Ijumaa hatarusha ndege. Katika hilo yuko na wenzake. Ila kusema ni mgonjwa, hapana.

Lutfi alidhani hakusikia vizuri. "Sasa utasema nini?"

"Nitasema siruki kwa sababu chama changu kimegoma."

"Chama hakijagoma, Emna."

"Kwani Ijumaa tunafanya nini, mwalimu?"

Lutfi akamgeukia Wajdi, vile wanaume wanavyogeukiana mke wa mmoja wao anapoharibu maongezi. Wajdi alikuwa akitazama vidole vyake. Basi Lutfi akajieleza tena, safari hii kwa upole. Emna akisema ni mzima, atakuwa amesema kwamba na wenzake ni wazima. Atakuwa amewavua nguo barabarani. Na katika wenzake hao wapo vijana waliopata kazi juzi, wenye madeni ya masomo ya urubani ambayo baba zao waliwadhamini. "Wewe unaweza kuumudu ujasiri," akasema. "Mumeo ana kliniki yake. Hao wengine wana nini?"

Maneno hayo yalimchoma Emna kwa sababu yalikuwa na kweli ndani yake. Alimjibu kwamba atajisemea mwenyewe tu, jina la mwingine halitatoka kinywani mwake, na kwamba kama chama kinaogopa mahakama ni bora kiseme kinaogopa. Lutfi akainuka. Mlangoni alisema kwamba hakuwahi kufikiri siku moja atamwomba mwanafunzi wake jambo na kunyimwa.

Mama Zakia, mama yake Wajdi, alitoka jikoni na sahani ya mchuzi wa mlukhia mkononi, akatazama kiti kitupu. Akauliza mgeni amekwendaje bila kuonja kitu.

"Tumbo la siku moja, Emna," Wajdi alisema baadaye. "Nani angeumia?"

Wajdi alikuwa mtaalamu wa viungo. Kazi yake ilikuwa kunyoosha migongo na mabega ya watu. Emna akamuuliza, siku wagonjwa wake wote wakianza kudanganya wanaumwa mgongo, atajuaje wa kumshika?

"Mimi ningewashika wote," Wajdi alisema. Alitabasamu, lakini hakuwa anatania.

* * *

Ijumaa asubuhi Emna alivaa nguo za kawaida akaenda uwanja wa ndege. Ofisi ya zamu ilikuwa imechafuka. Simu zililia zote kwa pamoja, na makarani walikuwa wakirudia neno moja: sawa, kapteni, pole, upone. Mkurugenzi wa safari, Shakir Mestiri, alikuwa amesimama katikati ya chumba. Naye aliwahi kuwa rubani, tena mwanachama, kabla ya kupewa ofisi yenye zulia.

Emna alimwambia kwamba ni mzima, kwamba ana zamu ya Lyon saa nne, na kwamba haendi kwa sababu ni mwanachama wa chama cha marubani na amegoma.

Uso wa Shakir ulifunguka kama wa mtu aliyeletewa zawadi. Akamwomba arudie mbele ya mwanasheria wa shirika. Emna akarudia. Shakir akauliza, je, na wale wengine?

"Wengine waulize wenyewe."

Adhuhuri redio ilitangaza kwamba rubani mmoja mwandamizi, mwanamke, amekiri mbele ya uongozi kuwa hapana mgonjwa hata mmoja. Marubani wanawake wenye cheo cha kapteni katika shirika lile walikuwa wachache mno, na kabla ya alasiri jina lake lilikuwa kwenye simu za nchi nzima. Alasiri yenyewe akapokea barua ya kusimamishwa kazi bila mshahara. Katika marubani wote waliokataa kuruka siku ile, aliyeadhibiwa alikuwa yeye peke yake, maana ndiye peke yake aliyesema amekataa.

Jumamosi chama kikamsimamisha uanachama.

Yaliyofuata yalikuja kwa vipande vidogo vidogo. Alitolewa kwenye kundi la simu la marubani alilolianzisha mwenyewe. Juu yao, ghorofa ya tatu, alikaa Hazem Trabelsi, rubani msaidizi aliyewahi kuruka naye mara nyingi, pamoja na mkewe Olfa na kichanga chao. Hazem alikutana naye kwenye ngazi, akasimama pembeni kumpisha kama anavyopishwa mkubwa, kisha akasema, "Tafadhali, pita. Wagonjwa hatuna haraka." Olfa aliacha kuteremka kuazima kitunguu. Marubani waliokuwa wakienda kwa Wajdi kunyooshwa migongo wakaanza kuahirisha, mmoja mmoja, kwa heshima kubwa. Na Mama Zakia alirudi kutoka hamamu, bafu la mvuke la wanawake, mapema kuliko kawaida yake, nywele bado zimejaa hina. Wanawake wawili walikuwa wamehamisha ndoo zao kutoka karibu yake.

"Nimekwenda hamamu hiyo tangu sijaolewa," alimwambia Emna, akiwa ameinamia sinki ili amsuuze. "Leo nimekuwa mkwe wa msaliti. Sasa niambie mwanangu, maana nataka kujua cha kuwajibu. Umewasaliti au hukuwasaliti?"

Emna alisimama na jagi mkononi. Akasema hakuwasaliti, ila amewaumiza, na kwamba yote mawili ni kweli.

"Hiyo siwezi kuwaeleza," Mama Zakia alisema. "Ni ndefu. Mwaga maji, hina inaniingia machoni."

* * *

Shakir alimwita baada ya wiki moja. Alimwagizia chai yenye njugu za msonobari na kumsifu sana. Watu wa ukweli kama yeye, alisema, ndio shirika linawatafuta. Kuna nafasi ya kapteni mkufunzi. Barua ile ya kusimamishwa inaweza kupotea. Kinachotakiwa ni maelezo mafupi tu: nani aliitisha ugonjwa wa Ijumaa, aliuitisha wapi, na nani walikuwapo.

Emna alimwambia kwamba siku ile alisema habari zake mwenyewe na zikaisha.

"Wao wamekufukuza," Shakir alisema. "Unamlinda nani?"

"Chama changu."

"Si chako tena, kapteni."

"Hiyo ni baina yangu na wao."

Akaiacha chai ikipoa. Nyumbani alimsimulia Wajdi, na huyo, ambaye kliniki yake ilikuwa imebaki na wazee wa mtaa peke yao, akakiri kwamba njia nzima ya kurudi nyumbani kutoka kazini siku hizi alikuwa akiomba Shakir amwite mkewe na kumpa kitu kama hicho. Alisema anaona haya. Emna alimwambia asione haya, kwani hata yeye alipokuwa akishuka ngazi za ofisi ile miguu ilitaka kurudi. Wakakubaliana wasimwambie mtu. Wajdi alitaka kwanza chama kijue ili jina lake lisafishwe. Emna alisema hataki kupokewa tena kwa sababu ya kitu alichokikataa.

Lakini Shakir alikuwa na silaha nyingine, na hiyo hakuhitaji mtu ampe. Alitangaza kwamba kanuni ya kuamini kauli ya rubani imesitishwa. Kuanzia sasa anayeumwa alete cheti cha daktari kabla ya zamu yake. Chama kilipolalamika wizarani, mwanasheria wa shirika aliuliza swali moja: hawa si ndio wale walioumwa tumbo wote siku moja? Msuluhishi wa wizara, Bibi Sonia Hamdi, alizisukuma ripoti za uchovu za marubani upande wa pili wa meza, ripoti ambazo Emna alikuwa amezikusanya kwa subira, akasema kwa hali ilivyo haoni namna ya kuzitegemea.

* * *

Wiki mbili tangu Ijumaa ile, Hazem alipatwa na mafua makali. Masikio yalikuwa yameziba. Kila rubani anajua kwamba masikio yaliyoziba hayapandi ndege, maana wakati wa kushuka hewa ya nje inayasukuma na haina pa kupenyea. Alipiga simu asubuhi, zamu ikiwa imekaribia, daktari wake akiwa bado hajafungua. Akasema hawezi.

Karani alicheka. Hakucheka kwa ubaya; alicheka kama mtu anayesikia mzaha aliokwisha kuusikia. "Tumbo la Ijumaa limepanda puani, bwana?" Kisha akasema bila cheti atahesabiwa mtoro.

Hazem alikuwa na kazi ile kwa mwaka mmoja. Akavaa sare akaenda. Ndege iliposhuka kuelekea Marseille ngoma ya sikio lake la kulia ikapasuka. Alishika kichwa, akapoteza uelekeo, akatapika miguuni mwake. Kapteni aliitua ndege peke yake huku akimsemesha mwenzake asiyemsikia. Abiria walishuka salama bila kujua lolote. Hazem alishushwa kwa kiti cha magurudumu.

Hazem aliporudishwa Tunis, Olfa aliteremka ghorofa moja akagonga kwa Emna. Alisimama mlangoni na mtoto begani, hataki kuingia, hataki kuondoka. Mama Zakia ndiye aliyemvuta ndani, akamchukua mtoto, akaamuru maji yachemshwe.

"Daktari anasema huenda asiruke tena," Olfa alisema. "Anasema tungoje miezi. Dada Emna, alipiga simu. Nilikuwa nimekaa pembeni yake, nilimsikia. Aliwaambia haumwi kwa utani, anaumwa kweli. Unajua mtu akifika mahali pa kusema anaumwa kweli?"

Emna alijua. Alipanda juu kumwona. Hazem alikuwa amelala upande wa sikio zima, hivyo ilimbidi amwinamie usoni apate kusikika. Kijana yule hakumwomba radhi, wala Emna hakutaka radhi. Alichouliza Hazem ni kitu kimoja tu, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia: "Ungepata usingizi na hilo wewe? Kwamba ulisema uongo ukaaminiwa, ukasema kweli ukachekwa?"

* * *

Lutfi alikuja kesho yake. Safari hii aliketi bila kuvutiwa kiti, akanywa kahawa, akala vipande vya makrudhi, keki ndogo za tende, alivyowekewa, kama mtu asiyejua mikono yake inafanya nini. Alikuwa amezeeka usoni. Alimwomba Emna aende naye kwa Bibi Sonia kuzisimamia zile ripoti za uchovu. Yeye ndiye pekee watakayemwamini, alisema, na alipolisema hilo hakumtazama.

Emna alikataa. Akasema ripoti zile si zake, ni za marubani mia na kitu, na mtu mmoja hawezi kuwa mkweli kwa niaba ya mia. Kama chama kinataka kuaminiwa kikiri kuhusu Ijumaa.

"Watatuadhibu."

"Watawaadhibu. Mimi wameniadhibu na nipo hapa."

"Wewe ni mmoja, Emna. Mmoja anaadhibika."

"Ndicho ninachokwambia, mwalimu. Nilisema peke yangu nikawa msaliti. Mkisema wote ni mgomo. Atamsimamisha nani, halafu ndege aziendeshe nani? Karani?"

Lutfi alicheka, bila kutaka. Kisha akafunika uso kwa mikono yote miwili. Wajdi aliyekuwa akisikiliza tangu mwanzo akamwambia kwamba bega lake la kushoto limekaa juu kuliko la kulia, na kama ana dakika chache atamnyoosha. Lutfi akavua koti. Emna alitoka akawaacha. Akiwa jikoni alimsikia mumewe akisimulia, kwa sauti ya kawaida huku akikanda, habari ya chai ya njugu na nafasi ya ukufunzi. Alitaka kukasirika, akashindwa.

Mkutano mkuu wa chama ulifanyika La Goulette, karibu na bandari, katika ukumbi wa harusi, kwa kuwa ndio uliopatikana. Kamati ilikaa jukwaani, Lutfi akiwa kwenye kiti cha dhahabu cha bwana harusi. Mtu alipinga Emna kuzungumza kwa kuwa si mwanachama kwa sasa. Lutfi akasema basi anampa dakika zake mwenyewe, na yeye atanyamaza.

Emna hakusema mengi. Alisema anajua amewaumiza, hasa wadogo, na kwamba angeweza kuwaeleza mapema zaidi, kabla ya Jumatano ile, kama angekuwa na habari. Alisema silaha ya rubani si kuitia ndege kufuli, hiyo hata mlinzi wa geti anaweza. Silaha yao ni kwamba wakisema jambo fulani ni hatari, watu wasimame. Hiyo wameitumia Ijumaa moja ikaisha. Waliokaa nyuma wakamzomea, hasa kapteni mmoja aliyebakiza miezi michache astaafu, aliyepaza sauti kwamba mahubiri yeye huyasikia msikitini.

Hapo ndipo Hazem aliposimama, pamba sikioni. Hakuwa anasikia kelele vizuri kwa hiyo hazikumzuia. Alisema Ijumaa ile alipiga simu akadanganya, akaambiwa pole, upone. Juzi alipiga simu kusema kweli, na wanajua kilichompata. Akasema Jumatatu anakwenda kwa Shakir kukiri, iwe wengine wanakuja au hawaji. Akaketi.

Kura za kukiri au kutokiri zilipigwa kwa mikono. Walioinua kukubali walikuwa wengi, ila si wote. Yule kapteni mzee alitoka na wenzake kadhaa, na hajazungumza na Emna mpaka leo.

* * *

Jumatatu asubuhi marubani walijipanga nje ya ofisi ya Shakir wakiwa na sare, kofia mkononi. Wa kwanza alikuwa Lutfi. Alisema, "Ijumaa ile sikuwa mgonjwa. Niligoma. Na mimi ndiye niliyewaambia wengine." Shakir alimwambia mwanasheria aandike, akifurahi. Akaingia wa pili, naye akasema hakuwa mgonjwa, aligoma. Wa tatu. Wa nne. Ilipofika katikati ya foleni mwanasheria aliacha kuandika akamtazama bosi wake, na Shakir akainuka kwenda dirishani kutazama ndege zilizoegeshwa juani, nyingi, nzuri, zikisubiri mtu. Aliuliza wamebaki wangapi. Akaambiwa foleni imefika ngazini.

Chama kilipigwa faini na mahakama, wakachanga wakalipa, na wengine walinung'unika. Barua za kusimamishwa hazikuandikwa, na ile ya Emna ikafutwa pamoja na zile ambazo hazikuandikwa. Bibi Sonia alizivuta ripoti za uchovu upande wake wa meza. Alisema watu waliokubali kujitia hatiani kwa mdomo wao anaweza kuwasikiliza juu ya usingizi wao. Zamu mbili za usiku zikapigwa marufuku kufuatana. Walikuwa wameomba zaidi, hawakupata. Kanuni ya kauli ya rubani ikarudishwa. Chama kikamrudishia Emna uanachama, na Lutfi hakugombea tena. Walipomtaka Emna achukue kiti cha mwenyekiti alisema atafikiri, na akafikiri muda mrefu mpaka Mama Zakia akamwambia achukue, maana hamamuni wameshaanza kumuuliza.

Hazem alipona kabla ya baridi kuisha. Madaktari walimpima mara nyingi, wakamruhusu.

Siku Emna alipopangiwa Lyon na Hazem kwa mara ya kwanza tangu mambo yale, alifika mapema, viatu vinang'aa. Alimkuta kijana ameketi chumba cha marubani, uso umemshuka. Mtoto alikuwa na homa, hakulala yeye wala Olfa.

"Siku nyingine ningesema," Hazem alisema. "Lakini leo ni siku yetu, kapteni. Nitakunywa kahawa."

"Uko sawa au huko sawa?"

Hazem alijifuta uso kwa viganja. "Siko sawa."

"Piga simu."

Akapiga. Emna aliisikia sauti ya karani upande wa pili: sawa, pole, tunamtafuta wa akiba. Hakuuliza kitu kingine.

Ndege ikachelewa. Abiria walianza kupaza sauti langoni, na Emna akaenda mwenyewe kuwaambia kwamba rubani mwenzake amejiona hafai kuruka leo, na kwamba mwingine yuko njiani. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa akimpelekea bintiye huko Lyon vikapu vya harisa ya pilipili na unga wa bsisa, alimtazama juu mpaka chini.

"Anaumwa kweli," aliuliza, "au ni ule ugonjwa wenu?"

Watu wakacheka. Emna akangoja wamalize.

"Amesema hayuko sawa, mama. Amesema mwenyewe."

Yule mama aliendelea kumtazama, akilipima jibu hilo. Kisha akateremsha kikapu chake sakafuni kutoka kiti cha jirani, akapangusa kiti kwa ukingo wa mkono, na kumpa kapteni nafasi ya kukaa wangoje pamoja.